Baba Kwenye Ukuta wa Ghala

Muuguzi alikuwa juu ya ngazi, misumari mitatu mdomoni, nami nimeishika ngazi kwa chini huku nikijifanya nautazama ukuta. Ukuta wenyewe sikuuona. Niliona visigino vya viatu vyake vilivyolika upande mmoja, na shingo yake kwa nyuma, ambako kinyozi alikuwa amepita asubuhi ile ile. Mtu anaenda kunyolewa ili aje kugongea misumari ghalani! Nilitaka kumtania, nikaogopa angejua nimekuwa nikimtazama.

"Hapa?" aliuliza, maneno yakipenya kati ya misumari.

"Kushoto kidogo."

"Hapa?"

"Umepitiliza. Rudi kulia."

"Mchoraji, kushoto na kulia vimekwisha. Vimebaki juu na chini."

Nilicheka. Tangu tumzike baba, wiki tisa sasa, hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza kilichotoka bila kulazimishwa. Kilipogonga bati la paa na kurudi, wote wawili tulinyamaza kama watu waliokutwa wakiiba sukari.

Lilikuwa ghala la ushirika wa wakulima, refu, lenye mizani kubwa ya chuma mlangoni na harufu ya magunia isiyotoka hata ghala likae tupu miezi sita. Baba alileta mahindi na vitunguu vyake hapa kwa zaidi ya miaka thelathini. Katibu wa ushirika aliposikia kwamba mimi, bintiye, nataka kutundika picha za mzee, hakuniuliza maswali mengi. Alinipa ufunguo na kusema, "Jumamosi nzima ni yako. Jumatatu tunaanza kupokea mavuno."

Jumatatu hiyo hiyo mimi nilitakiwa niwe mjini, mezani kwangu. Kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya shule: chura aliyepasuliwa, mtoto anayepiga mswaki, mawingu na mishale ya mvua. Baba alipoanza kuumwa nilikuja nyumbani kwa likizo ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi minane ya ugonjwa, kisha wiki tisa za msiba, na bosi wangu, mtu mwenye subira kuliko wengi, mwishowe alikuwa ameniandikia barua fupi yenye tarehe.

Katika miezi hiyo nilichora. Karatasi nzuri sikuwa nazo, kwa hiyo nilipasua mifuko ya chakula cha ng'ombe, nikatoa zile karatasi za kaki za ndani, nikazinyoosha chini ya godoro. Mkaa niliutoa jikoni. Nilimchora baba akinoa jembe huku amekaa, kwa sababu kusimama kulishamshinda. Nilimchora ng'ombe wake mwekundu akimlamba kiwiko. Nilichora vitunguu vimeanikwa chanjani, viatu vyake vya mpira mlangoni, kidole chake kikihesabu mistari ya mahindi kupitia dirisha la chumbani. Picha thelathini na mbili. Nisipochora nililia, na baba hakupenda kilio ndani ya nyumba.

Mtu pekee aliyekuwa ameziona zote ni huyu aliyekuwa juu ya ngazi. Alikuwa muuguzi wa zahanati yetu. Kijiji kizima kilimwita Daktari, naye hakuchoka kusahihisha, "Mimi ni muuguzi," nao wakamjibu, "Sawa, Daktari." Kwa miezi minane alikuja kwetu kila baada ya siku moja, saa nne asubuhi, kwa pikipiki yenye mlio kama mtu anayekohoa. Alimwogesha baba, akamgeuza, akampa dawa za maumivu, akamwuliza habari za mbolea. Nami nilikaa pembeni na mkaa wangu, nikimchora baba, na nilipomaliza kumchora baba mkono ulikuwa unabaki unachora mikono ya yule aliyemhudumia.

Halafu baba akafariki. Jumanne ya kwanza baada ya mazishi, saa nne, nikasikia pikipiki ikikohoa uani. Nikatoka. Alikuwa amesimama karibu na banda, kofia ya pikipiki mkononi, hajui aweke wapi macho.

"Nimekuja kuchukua lile beseni," alisema.

Beseni lilikuwa letu. Alikaa saa tatu, akanywa chai vikombe vinne, akaondoka na beseni letu.

Shangazi, dada yake baba, aliliona jambo hili kabla yangu. "Yule alikuwa anamhudumia mgonjwa," aliniambia siku moja akichambua maharage. "Mgonjwa ameondoka. Sasa anamhudumia nani?"

"Anakuja kusalimia tu, Shangazi."

"Salamu za saa tatu?" Akanikata jicho, akarudi kwenye maharage yake.

Muuguzi mwenyewe hakuwa ametamka neno. Wala mimi. Ijumaa ile ghalani nilijua zimebaki siku mbili, na nilijua kwamba ameenda kwa kinyozi. Akashuka ngazi, akasimama karibu nami kuliko ilivyohitajika ili kutazama kama picha imenyooka.

"Mchoraji," alisema polepole, "kabla hujaondoka kuna kitu nataka—"

"Hii ni nini?"

Tuligeuka. Kaka yangu alikuwa amesimama katikati ya ghala, funguo za gari mkononi, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Kaka ni dereva wa malori ya safari ndefu, zile za siku sita kwenda na siku sita kurudi. Baba alipofariki lori lilikuwa limeharibika mbali sana. Kaka alifika saa moja baada ya sisi kufukia kaburi, akasimama pale na mkoba wake begani, na tangu siku ile hakuna aliyeweza kuongea naye bila kugombana.

Picha aliyokuwa akiielekezea kidole ilikuwa kubwa kuliko zote. Baba amekaa kwenye kigoda nyuma ya banda, mgongo wazi, mbavu zinahesabika. Muuguzi amempigia magoti, mkono mmoja umemshika kifuani asianguke, mwingine unammwagia maji.

"Ni baba, Kaka," nilisema. "Anaogeshwa."

"Naona anaogeshwa! Nakuuliza inafanya nini hapa?"

"Ni mojawapo ya—"

"Kesho wanakuja watu waliomjua. Watu waliobeba naye magunia kwenye ghala hili hili, yeye mawili, wao moja. Unataka wamwone hivi? Ameshikwa kama mtoto mchanga?"

"Ndivyo alivyokuwa."

"Sikukuuliza alivyokuwa!" Sauti yake ilipasuka. Akapangusa uso kwa kiganja, vumbi likaacha mstari shavuni. "Mgongo huo ulinibeba mimi. Umemvua nguo baba yangu mbele ya watu, mdogo wangu. Mtoe hapo."

Muuguzi akasogea. "Kaka, tuongee taratibu."

Hapo ndipo hasira ya kaka ilipopata mlango. "Wewe usiniite kaka. Wewe ndiye uliyemkalisha nyumbani mpaka akafa. Hospitali kubwa walikuwa tayari kumpasua. Gari nilishatafuta. Nikampigia simu nikiwa barabarani, baba ananiambia, 'Daktari amesema nipumzike nyumbani.' Daktari! Mpima watoto uzito!"

"Unamwonea," nilisema.  "Hukuwepo. Baba alikuwa anapata nafuu. Dawa zilikuwa zinafanya kazi, ni vile tu mwishoni mambo yaligeuka ghafla. Si ndiyo?" Nikamgeukia Muuguzi. "Mwambie."

Muuguzi alikuwa anatazama sakafu.

"Mwambie, basi!"

"Hakuwa anapata nafuu," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Majibu yalipotoka, mwezi wa pili wa ugonjwa, alitaka nimsomee mimi. Nikamsomea mara mbili. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Upasuaji ungempa wiki chache, pengine usingempa hata hizo. Akaniuliza kama dawa za maumivu zitatosha. Nikamwambia zitatosha, nitahakikisha mimi mwenyewe. Akasema, basi mimi nakaa hapa ninapoyaona mahindi yangu." Akaigeuza nyundo mkononi. "Na akanikataza kuwaambia."

 Mimi niliuliza, "Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Miezi sita. Miezi sita nilimpikia baba supu, nikampimia mkono kwa uzi kuona kama ameongezeka, nikapanga naye tutakavyoezeka upya banda mvua zikikatika. Kila alipokuja nilimsindikiza mtu huyu hadi kwenye pikipiki na kumwuliza swali moja.

"Nilikuwa nakuuliza anaendeleaje," nilisema. "Kila ulipokuja. Na wewe ulikuwa unanijibu, leo yuko vizuri."

"Nilikujibu kuhusu siku hiyo. Siku ikiwa nzuri, nilisema nzuri. Sikuwahi kukuambia kuhusu kesho."

"Kumbe ulikuwa unanipigia hesabu ya maneno! Nilikuwa nacheka mbele yako. Nilikuwa naimba, Muuguzi! Ulikuwa unanionaje, mjinga?"

"Nilikuwa nakuona..." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa. Hakumalizia.

"Toka," nilimwambia. "Tafadhali."

Aliiweka nyundo juu ya mizani ya mlangoni, mshale wa mizani ukasogea kidogo, akatoka. Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili. Mara ya tatu ikawaka, na mlio wake ukafifia barabarani. Nilimgeukia kaka tugombane, maana nilihitaji kugombana na mtu, lakini naye alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Niliketi chini kati ya picha thelathini na mbili za baba yangu, na kwa mara ya kwanza nilizichukia zote.

*

Jioni nilimkuta Shangazi akimkamua ng'ombe mwekundu. Nilimshika ndama kama kawaida, nikamsimulia Shangazi yote, neno kwa neno. Aliendelea kukamua, hakuniangalia.

"Nilijua," alisema nilipomaliza.

"Ulijua nini?"

"Kwamba baba yako haponi. Aliniambia siku ile ile aliyosomewa. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimpangusa kamasi. Angemwambia nani?"

Nilimwachia ndama bila kukusudia, akakimbilia titi, ikabidi tumvute wote wawili. Tulipomrudisha nilikuwa natweta na kulia kwa pamoja.

"Kwa hiyo mlijua wote isipokuwa mimi."

"Na kaka yako, ndiyo maana anauma watu." Akavuta kigoda karibu. "Sikiliza, mwanangu. Nilimwambia, mweleze huyu binti, si haki. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Yule Mchafuzi akijua ataweka mkaa chini. Atakaa pembeni ya kitanda ananitazama kama maiti. Acha anitazame kama kitu cha kuchora.'"

Mchafuzi. Aliniita hivyo tangu nilipokuwa na miaka minne na kuchora ukuta mzima wa sebule kwa mkaa.

"Hukuwa unaona?" Shangazi aliendelea. "Ukiingia na karatasi zako alikuwa anaomba shati safi. Siku usiyochora, hata kuchana nywele alikataa. Mimi nilikuwa naona. Nikanyamaza."

 Maziwa yalikuwa yanatoa povu kwenye ndoo.

"Na yule Daktari wako," alisema, "siku moja alinijia nyumbani. Mwezi wa tano wa ugonjwa, nadhani. Anatetemeka. Anasema, 'Mama, siri hii imenizidi, nikimwona yule dada anaimba nashindwa kupumua. Mwombe mzee aniruhusu nimwambie.' Nikamwomba. Mzee akakataa. Basi akanywa maji hapo hapo kwangu, akanawa uso, akapanda pikipiki yake, akaja kwenu kutabasamu."

"Mbona sikuwahi kusikia ukimsifia? Kila siku unamsema."

"Kwa sababu wewe unaondoka Jumatatu!" Shangazi alinikazia macho kwa mara ya kwanza. "Wewe utapanda basi lako. Nani atabaki hapa akimwangalia mwanamume mzima analia juu ya pikipiki? Mimi. Nilikuwa namfukuza mapema, apate kupona."

Nilimtazama shangazi yangu, mikono yake yenye maziwa hadi kwenye kiwiko, nikaona kwamba nyumba nzima ilikuwa imenizunguka kwa miezi minane kama watu wanaokinga mshumaa upepo usiuzime, nami nilikuwa katikati nikichora, sina habari.

*

Zahanati hufunguliwa saa mbili asubuhi, na Jumamosi ni siku ya kupima watoto. Nilipofika, benchi la nje lilikuwa limejaa kina mama, na mizani ya kamba ilikuwa inaning'inia kwenye boriti ya varanda. Muuguzi alikuwa amemshika mtoto mnene aliyekuwa anapiga mateke. Aliponiona, mikono yake ilisimama hewani, mtoto akaona nafasi, akamkojolea.

Kina mama walicheka mpaka benchi likalia.

"Nimekuja kuongea na wewe," nilisema.

"Nina watoto ishirini na wawili wa kupima."

"Nitasubiri."

"Asubiri nini?" alisema mama mmoja mwenye kanga kichwani, akijisogeza. "Dada, kaa hapa. Ongea tu, sisi hatuna haraka."

"Hata kidogo," alisema mwingine.

Sikuwa na pa kujificha. Nilibaki nimesimama. "Jana nilikufukuza," nilisema. "Nilikuwa na hasira na baba, na baba hayupo, ukawepo wewe. Nisamehe."

"Ulikuwa na haki ya kukasirika."

"Nilikuwa nayo. Bado ninayo kidogo. Lakini Shangazi ameniambia ulikwenda kwake."

Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaandika uzito kwenye kadi, na mwandiko wake, kwa namna nilivyouona, haukusomeka. "Kuna jambo moja lazima ulijue," alisema bila kuinua kichwa. "Mgonjwa mwingine akinipa siri, nitaitunza vile vile. Hata akiwa wa kwenu. Hata ukiwa wewe unaniuliza huku unalia. Sitaki ufikiri nimebadilika, kisha uje uumie tena."

"Nimekuja nikilijua hilo."

"Una hakika?"

"Nimelilalia, nimeamka nalo. Siri za wagonjwa ni zako. Zako mwenyewe ndizo ninazozitaka."  "Jana ulisema ulikuwa unaniona... halafu hukumalizia."

Aliangalia benchi. Macho arobaini na manne, ukiwaacha watoto.

"Hapa?"

"Hapa hapa," walijibu kina mama kwa pamoja.

Akavua glavu moja, akaikunja, akaikunjua. "Nilikuwa nakuona mtu ambaye mzee anaamka kwa ajili yake. Dawa zangu zilimtoa maumivu tu. Nilikuwa naogopa siku atakayoondoka, kwa sababu mbili, na ile ya pili niliionea aibu kwa sababu mgonjwa wangu alikuwa bado anapumua."

"Ya pili ilikuwa ipi?"

"Kwamba sitakuwa na sababu ya kuja."

Hakuna aliyecheka. Mama mwenye kanga alikuwa ameshika shavu. Nilitaka kumshika mkono mtu yule, lakini mkono mmoja ulikuwa na glavu na mwingine ulikuwa na mkojo, kwa hiyo nilisimama tu.

"Jumatatu naondoka," nilimwambia. Sikutaka naye amtegemee mtu bila kuambiwa ukweli. "Kazi yangu naipenda. Siiachi."

"Sijakuomba uiache."

"Mjini ni mbali."

"Ni saa nne kwa basi. Kila mwisho wa mwezi naenda huko kuchukua dawa za zahanati. Huwa nalala kwa binamu yangu anayekoroma." Kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo. "Na wewe una nyumba huku, na shangazi, na ng'ombe."

"Na beseni," nilisema. "Nirudishie beseni letu."

*

Mchana watu walikuja ghalani moja kwa moja kutoka mashambani, na matope yao. Nilitegemea waongee kwa kunong'ona kama wanavyofanya watu wa mjini mbele ya picha. Thubutu! Walizikagua kama wanavyokagua mifugo sokoni.

"Huyu ng'ombe amenenepeshwa. Mwenyewe hana tumbo hili."

"Chanja hii niliijenga mimi! Tazama, mguu mmoja mfupi. Binti ameuona huo mguu mfupi!"

"Mzee hakushika jembe hivyo."

"Alishika hivyo hivyo, wewe ndiye uliyemwiga vibaya."

Wakaanza kusimuliana. Jinsi alivyogombana na katibu kwa ajili ya mizani iliyokuwa haisemi kweli. Jinsi alivyoongea na vitunguu vyake. Mzee mmoja alisimama mbele ya picha ya viatu vya mpira muda mrefu sana, kisha akavua kofia, akaivaa tena, akatoka nje bila kumuaga yeyote.

Picha kubwa niliitoa ukutani mimi mwenyewe asubuhi, nikaiegemeza pembeni, uso umegeukia ukuta. Kaka alikuja saa nane. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kupigwa pasi. Alizunguka ghala zima kimya, picha moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwangu.

"Ile iko wapi?"

Nilimwonyesha. Aliigeuza, akachuchumaa mbele yake. Mimi nikachuchumaa karibu naye, kama tulivyokuwa tukichuchumaa utotoni kutazama siafu.

"Mdomo wake uko wazi," alisema baada ya muda. "Alikuwa analia?"

"Alikuwa anacheka. Maji yalikuwa baridi. Alimwambia Muuguzi ana mikono kama ya chura aliyekosa mke."

Mabega ya kaka yalitikisika. Sikujua kama ni kicheko hadi nilipokisikia.

"Halafu akaniuliza lori limefika wapi," nilisema. "Kila akiogeshwa aliuliza. Tulikuwa na ramani kwenye kitabu changu kimoja cha shule. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole, Kaka yuko hapa, leo amefika hapa. Alikuwa anajua kila mji uliopita."

"Mimi nilikuwa nampigia simu dakika mbili tu," kaka alisema. "Nilidhani namchosha."

"Zile dakika mbili alikuwa ananisimulia siku nzima."

Basi kaka yangu, mtu wa mikono mikubwa kama makoleo, alilia pale pale, na watu wa kijiji, ambao hawakosi jambo la kuangalia, wote waligeuka kwa adabu wakaangalia vitunguu. Nilimshika bega. Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wa shati lake safi, akainyanyua picha, akauliza misumari iko wapi. Aliitundika mwenyewe, katikati ya ukuta, akarudi nyuma hatua tatu kuhakikisha imenyooka.

"Kushoto kidogo," ilisema sauti mlangoni.

Muuguzi alikuwa amefika. Kaka aliisogeza picha kushoto kidogo. Kisha akageuka.

"Wewe. Njoo hapa."

 Muuguzi akaja. Kwa urefu walilingana, lakini kwa upana kaka alikuwa wawili.

"Jana nilikutukana."

"Yamekwisha."

"Hayajaisha, bado sijaomba msamaha. Naomba msamaha." Akamnyooshea mkono, Muuguzi akaupokea, na kaka hakuuachia. "Sasa nakuuliza, na baba hayupo kwa hiyo nauliza mimi. Unamtaka dada yangu?"

"Kaka!" nilisema.

"Sijaongea na wewe."

"Namtaka," Muuguzi alisema, na hakutazama sakafu. "Kama yeye ananitaka."

Wote wakanitazama, pamoja na Shangazi aliyekuwa ameketi juu ya gunia karibu na mizani, mikono imekunjwa, uso mkali, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyaruhusu.

"Namtaka," nilisema. "Jamani, mnanitia aibu. Ndiyo, namtaka."

"Basi usije tena na visingizio," kaka alimwambia. "Utakuja na watu wako, mkae, tuongee kama watu."

"Nina mama tu," Muuguzi alisema. "Na masikio yake hayasikii vizuri."

"Basi utasema kwa sauti," kaka alisema, akamwachia mkono.

Tulipofunga ghala jua lilikuwa bado juu. Tulitembea pamoja barabarani, yeye akiisukuma pikipiki badala ya kuipanda, ili njia iwe ndefu.  Kulia kwetu mahindi yalikuwa yamekauka, yanasubiri kuvunwa.

"Kweli hasikii?" niliuliza.

"Mama? Lazima upige kelele kama unafukuza ndege."

"Na utamwambiaje?"

Alisimama. Akaisimamisha pikipiki kwa uangalifu, akaweka viganja pande zote mbili za mdomo, akayageukia mashamba, akapiga kelele kwa pumzi zake zote:

"MAMA! NIMEPATA MTU! NAMPENDA!"

Mbali, katikati ya mahindi, kichwa cha mwanamke mmoja, si mama yake, kiliibuka, kikatafuta upande sauti ilikotoka, kikatuona.

"Tumesikia!" alijibu mwanamke yule. "Mwoe, basi, tuendelee na kazi!"